Aliyeketi Pembeni ya Mhojiwa

Kazi ya kuhoji watu kijijini huanza kwa barua. Mhoji hawezi kuingia kitongojini na begi la hojaji akaanza kupiga hodi. Atapita kwanza wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kila mmoja agonge muhuri wake, na wa mwisho atamkabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji amwongoze. Mwenyekiti ni mtu mkarimu. Anajua nani kaenda shamba na nani yuko msibani, na akishakufikisha kwenye nyumba uliyoihesabu, huvuta kigoda akaketi. Hapo ndipo shida huanza, maana swali linalofuata laweza kuwa: unaridhika kwa kiasi gani na utendaji wa viongozi wa kijiji chako?

Nimeifanya kazi hii miaka mingi, Dodoma, Singida na Kigoma, na nimezoea kumwomba mwenyekiti anionyeshe mpaka wa kitongoji, kisha nimshukuru na kumuaga palepale. Wengine huelewa na kuondoka. Wengine husogea hatua tatu tu, chini ya mwembe, na mhojiwa akawa anajibu huku jicho moja liko kwenye mwembe. Ndiyo maana historia ya kura za maoni, ya kwetu na ya ng'ambo, naisoma nikimtafuta huyo aliyeketi pembeni.

Wamarekani walianza kwa kudhani kwamba wingi wa watu unatosha. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kwa posta karatasi milioni 10, kwa watu waliopatikana zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Waliolala njaa hawakuwa na simu wala gari, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walioitupa. George Gallup, aliyekuwa ameanzisha taasisi yake mwaka mmoja tu kabla, alihoji watu wachache sana kuliko hao, akawatafuta kwa mafungu ya wakulima, vibarua, wanawake na wazee, na akampata mshindi sawasawa.

Mwaka 1948 naye akaanguka. Alisema Thomas Dewey atashinda, akashinda Harry Truman. Aliacha kuhoji mapema mno, lakini kuna kosa jingine ambalo mhoji yeyote atalielewa haraka. Chini ya utaratibu wa mafungu, mhoji aliambiwa alete wanaume kadhaa na wanawake kadhaa wa umri fulani. Nani hasa, alijichagulia mwenyewe. Na mtu mwenye uhuru huo, jua likiwa la saa saba, atakwenda kwenye nyumba ya barabarani yenye kivuli, kwa mama mchangamfu aliyeshasema karibu. Baada ya aibu ile fani ikaegemea zaidi kwenye sampuli nasibu, ambayo humnyima mhoji ruhusa ya kuchagua.

Wakati huo mtindo huu wa kupima maoni ulikuwa umeshavuka bahari, Uingereza mwaka 1937 na Ufaransa mwaka 1938, na miaka ya mwanzo ya 1960 ulikuwa umefika Nairobi, ambako kampuni ya Marco Surveys ilikuwa ikipima maoni Kenya ikielekea uhuru. Kwetu Tanzania zoezi kubwa la kwanza ninalolikumbuka kwa macho yangu halikuitwa kura ya maoni, na halikufanywa na kampuni.

Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshafungua mlango mwaka mmoja nyuma, aliposema hadharani kwamba kulijadili jambo hilo si dhambi. Tume ilizunguka Bara na Visiwani, ikasikiliza zaidi ya watu 36,000 kwenye mikutano, kwenye vikundi na kwa maandishi. Nilikuwa kijana, nikasimama nyuma ya umati katika mkutano mmojawapo. Mtu akitaka kusema alinyoosha mkono, akasimama, akataja jina lake na anakotoka. Kwenye mabenchi ya mbele walikaa viongozi wa tawi la chama hicho kimoja, CCM. Chama hicho ndicho kilichokuwa na tawi kazini kwa msemaji na balozi wa nyumba kumi mtaani kwake. Barua ya utambulisho ya kumpeleka mtoto shule ilipita kwa watu hao hao. Katika hali hiyo kuna waliosimama wakasema wazi kwamba wanataka vyama vingi. Hadi leo nawaheshimu.

Hesabu ilipofungwa, kiasi cha asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na kiasi cha asilimia 21 walitaka vyama vingi. Zanzibar pengo lilikuwa dogo zaidi. Wengi wetu tunalikumbuka jambo hili kwa mkato, kwamba asilimia 80 walikataa na 20 wakakubali, na bado vyama vingi vikaja. Wapo wanaoona Tume iliwapuuza wananchi. Mimi nasema Tume iliwasoma kuliko walivyosomwa kabla. Haikuishia kwenye ndiyo na hapana. Iliona kwamba wengi wa waliotetea chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa ndani yake, mabadiliko ambayo yasingewezekana bila kuugusa mfumo wenyewe, na ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Mwalimu naye alisisitiza kwamba asilimia 20 ya Watanzania si watu wa kupuuzwa. Tume ikapendekeza vyama vingi, mkutano mkuu wa CCM ukakubali mwanzoni mwa 1992, na Julai 1 mwaka huo sheria ya vyama vya siasa ikaanza kutumika.

Sasa tazama kilichofuata. Oktoba 1995 wananchi waliingia kwenye kituturi mmoja mmoja, bila jina, bila balozi. Benjamin Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8, maana yake wagombea wa upinzani waligawana zaidi ya asilimia 38. Zanzibar, matokeo rasmi yalimpa Salmin Amour asilimia 50.2 na Seif Shariff Hamad 49.8. Najua swali la 1991 si swali la 1995, na miaka minne hubadilisha watu. Hata hivyo sioni namna ya kuelezea tofauti kubwa kiasi hicho bila kuyahesabu yale mabenchi ya mbele.

Mwaka 1999 wasomi wa Ghana, Afrika Kusini na Marekani walianzisha Afrobarometer, taasisi ya kupima maoni, iliyoanza kwa nchi 12 na leo imepita 35. Hapa kwetu ilifika 2001. Taratibu zake ni kali. Kutoka mahali pa kuanzia, wahoji hutawanyika pande tofauti. Unahesabu nyumba, ya tano, kisha baadaye ya kumi. Ukimhoji mwanamume hapa, anayefuata ni mwanamke. Kwa miaka mingi, ndani ya kaya majina yaliandikwa kwa namba, na mwenyeji alichomoa kadi moja bila kutazama. Kadi ikimwangukia binti anayeosha vyombo, ndiye uliyeketi naye, hata kama baba ameshavaa shati la kuhojiwa. Nimeona mabinti waliotetemeka dakika kumi za kwanza, wakamaliza saa nzima wakiuliza maswali yao wenyewe.

Ripoti ya kwanza ya Tanzania ilionyesha imani kubwa sana kwa serikali, hata waandishi wake wakauliza, kwenye kichwa cha ripoti, kama hawa ni raia wasiohoji au ni wadhamini wavumilivu. Jibu mojawapo liko mwishoni mwa hojaji yenyewe. Hapo mhojiwa huulizwa: unadhani nani ametutuma? Pamoja na maelezo yote ya mwanzo kwamba sisi ni watafiti huru, wengi hujibu, serikali. Na mhoji, akishaaga, hujaza ukurasa wake: je, kulikuwa na mtu mwingine anasikiliza? Kuna aliyeathiri majibu ya mhojiwa?

Shirika la Twaweza lilijaribu kulikwepa hilo kwa simu. Utafiti wao wa Sauti za Wananchi, ulioanza 2013, uliwapa wahojiwa simu na chaja za sola, wakapigiwa wakiwa kwao. Kwa njia hiyo walipata kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka uliofuata, na 55 mwaka 2018. Baada ya takwimu za 2018 kutoka, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ilidai maelezo kuhusu kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi wa Twaweza ikashikiliwa. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilikazwa, ikaja kulegezwa 2019.

Kenya, tangu 2012, ina sheria inayomtaka anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi aseme nani kalipia, wangapi walihojiwa na kwa njia gani, na inazuia kuchapisha siku chache kabla ya uchaguzi. Masharti hayo ya uwazi nayaunga mkono, na ningependa yaongezwe mawili. Kila taasisi inayotangaza asilimia zake kwenye vyombo vya habari itangaze pia ni wahojiwa wangapi walidhani imetumwa na serikali, na ni mahojiano mangapi yalifanyika mtu mwingine akisikiliza. Wanaouliza maswali hayo wanayo majibu tayari. Wahariri, waulizeni kabla hamjachapa kichwa cha habari.