Kipimo cha Kiti Mwendo ni Mtaa: Matokeo ya Vifaa Saidizi Unguja

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja. Mbele ya mahitaji hayo, ni rahisi kuhesabu mafanikio kwa idadi ya viti mwendo na magongo yaliyogawiwa. Kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo hesabu hiyo haitoshi. Anachopaswa kupima ni shughuli ambazo mtu anazifanya kweli, pale anapoishi, miezi kadhaa baada ya kukabidhiwa kifaa.

Uainishaji wa kimataifa wa utendaji, ulemavu na afya wa mwaka 2001 unatenganisha uwezo wa mtu katika mazingira sanifu na utendaji wake katika mazingira yake halisi. Unguja inaonyesha jinsi viwili hivi vinavyoachana. Anayeendesha kiti bila taabu kwenye sakafu ya hospitali hukwama Mji Mkongwe, ambako baraza za mawe hubana vichochoro na milango ina vizingiti virefu. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali hutulia kwenye ardhi ya mawe kama ya Makunduchi, lakini urefu uleule hukifanya kigumu kugeuza kwenye kona nyembamba za mjini. Katika daftari la ugawaji, kiti kama hicho kilichogawiwa Makunduchi na kile kilichogawiwa mjini ni mafanikio mawili yaliyo sawa.

Kipimo kinachofaa kipo. Kile kilichotungwa Kanada mwaka 1991 humwachia mhusika ataje mwenyewe shughuli anazozithamini, iwe kuswali msikitini, kwenda soko la Darajani au kuanika mwani, kisha azipe alama 1 hadi 10 kwa utendaji na kwa kuridhika, kabla ya huduma na baada yake. Wapo watakaosema kwamba aliyepewa kifaa bure huona haya kukilalamikia, hivyo alama zake zitapanda kwa shukrani tu. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo aulizwe pia kuhusu vitendo, yaani wiki iliyopita alikwenda wapi na mara ngapi, na muulizaji asiwe aliyemkabidhi kifaa. Wengine watataja uchache wa wataalamu. Lakini si lazima kila mtu atembelewe: sampuli ndogo iliyofuatiliwa vizuri hufundisha zaidi kuliko orodha ndefu ya sahihi za mapokezi, na wanachama wa jumuiya za watu wenye ulemavu wanaweza kufunzwa kazi hiyo.

Upimaji wa namna hii pia huweka lawama mahali pake. Kiti kikishindwa kwa sababu ya kizingiti, taarifa iseme kizingiti, isiseme mgonjwa hakuzoea. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000 na ngazi zake haziwezi kubomolewa ovyo, lakini mteremko wa mbao unaowekwa na kuondolewa haugusi jiwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unadai mazingira yafikike. Bila ushahidi wa utendaji, dai hilo halina pa kushikia.