SEHEMU YA 4: ANALIA KWA HASIRA AU KWA HOFU?



Siku ya chanjo huwa nasikia haya: wa kiume akilia, "Huyu ana hasira kama baba yake!" Wa kike akilia, "Maskini, kaogopa." Sindano ni ile ile jamani.

Hatuko peke yetu. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwauliza wazazi wa watoto 30 wachanga, siku ya kwanza tu, wawaeleze watoto wao. Uzito na urefu havikutofautiana, lakini wa kike walionekana laini na wadogo zaidi.

Mwaka 1976, John na Sandra Condry waliwaonyesha watu 204 video ya mtoto mmoja wa miezi 9. Nusu waliambiwa ni mvulana, nusu msichana. Mwanasesere akachomoka ghafla kwenye kisanduku, mtoto akashtuka, akalia. Walioambiwa ni mvulana waliona zaidi hasira, walioambiwa ni msichana wakaona hofu. Mtoto yule yule, kilio kile kile!

Shida iko hapa: mwenye hofu tunambeba, mwenye hasira tunamwambia anyamaze. Hivyo kijana wako anaweza kuogopa bila kubembelezwa, na binti akakasirika bila kusikilizwa.

Kabla hujasema "ana hasira" au "kaogopa", mtazame kwanza. Anashika sikio? Anakunja miguu? Ana joto? Mwili wake ndio unaongea.

Wa kwako alipolia mara ya mwisho, ulisemaje?