Nyika Yenye Wenyewe

Vivian Fuchs, mwanajiolojia Mwingereza, anakumbukwa kwa theluji. Tarehe 2 Machi 1958 yeye na wenzake walimaliza kulivuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, safari ya siku 99 na karibu kilomita 3,500 ambayo hakuna aliyewahi kuikamilisha kabla yao. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1934 Fuchs huyo huyo alikuwa Turkana, akiongoza msafara wa utafiti kando ya ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo. Vitabu vya wasafiri huziweka safari za namna hizi mbili katika fungu moja: huku barafu, kule jua na mawe meusi, lakini kote ni pori tupu, na ashindaye ni shupavu mwenye kiongozi anayeijua njia. Mlinganisho huo una kasoro kubwa. Kiongozi wa milima ya theluji ya Ulaya au Kanada, yule anayewatembeza watalii waliovaa viatu vipana vya kutembelea thelujini, kazi yake ni kuisoma theluji: wapi imeshikamana, wapi itaporomoka, wapi imefunika ufa. Antaktika haikuwa hata na mwenyeji wa kupigiwa hodi. Turkana ilikuwa nao kila mahali, hata pale ambapo mgeni hakuona mtu wala moshi. Kwa hiyo kirongozi aliyetangulia misafara huko hakuwa macho ya mgeni tu, alikuwa pia mdhamini wake, mlango wa kuingilia kwa wenyeji. Ni udhamini huo, kuliko ujuzi wa mapito, unaoeleza kwa nini misafara mingine ilipita salama na mingine ikafia njiani.

Tuanze na namna Waturkana wenyewe wanavyosimulia walivyofika. Masimulizi yanayojulikana kwao na kwa ndugu zao Wajie wa Karamoja, Uganda, yanamtaja mwanamke aitwaye Nayece na fahali wa rangi ya kijivu aliyepotea. Nyayo za fahali zilishuka kutoka nyanda za juu hadi bonde la mto Tarach, mto huu huu ambao leo Kakuma imekaa ukingoni mwake. Binadamu wakazifuata nyayo, wakakuta malisho na matunda ya mwituni, na vijana waliokuja kumtafuta fahali wakahamia. Simulizi hubadilika kidogo kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, na si hati ya kuthibitisha tarehe. Lakini tazama linachokitilia mkazo. Hakuna shujaa anayeivumbua nchi. Kuna mnyama anayetangulia, mwanamke aliyefika mapema na kuonja chakula cha mahali, kisha wageni wanaopokelewa. Nchi inapatikana kwa kuoneshwa na aliyetangulia.

Mpangilio huo haukubaki kwenye masimulizi. Kiangazi mito ya Turkana hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga, na watu huyachimbia visima ambavyo wakati mwingine hushuka hadi watu kadhaa wasimame mmoja juu ya mwingine wakipokezana vyombo. Kisima kina aliyekichimba, na mwingine hanyweshi mifugo yake hapo bila kuomba. Hata miti ina wenyewe. Kando ya mto Turkwel, karibu na Lodwar, kuna utaratibu wa ekwar: familia fulani ina haki juu ya migunga ya sehemu fulani ya ukingo, na maganda yanayodondoka kiangazi ni chakula cha mbuzi wa familia hiyo. Mgeni anayetoka mbali huona mto mkavu na miti ya porini. Kumbe amesimama ndani ya shamba la mtu. Mturkana mwenyewe yumo katika sheria hiyo hiyo. Akivuka eneo la kundi lake na kuingia la kundi jingine, naye huwa mgeni, anayehitaji rafiki wa kumpokea. Ndiyo maana uongozaji katika nchi hii ulikwenda kwa kupokezana, na msafiri aliyedai mtu mmoja amfikishe kutoka mwisho huu hadi ule alidai jambo ambalo mwenyeji hakuwa na mamlaka ya kulitoa.

Watu wa pwani waliuelewa mfumo huu mapema kuliko Wazungu, kwa sababu biashara yao iliutegemea. Mwaka 1870 mmishenari Thomas Wakefield alichapisha huko London maelezo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, na sehemu kubwa ya habari hizo aliipata kwa mzee mmoja wa msafara, Sadi bin Ahedi. Sadi alizitaja kambi moja baada ya nyingine, mahali pa maji, chakula kinachopatikana na tabia ya wenyeji. Kumbukumbu hiyo ikageuzwa kuwa ramani. Kwa hiyo Hesabu Sámuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria, walipoondoka pwani mwaka 1887, hawakwenda kulitafuta ziwa ambalo hakuna aliyepata kulisikia. Walikwenda kuhakikisha habari ambazo Waswahili walikuwa wakizieleza kwa miaka mingi. Moja ya nguzo za msafara wao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, ambaye hata msafiri Joseph Thomson alifaidika na uzoefu wake mwaka 1883. Machi 1888 waliliona ziwa, wakalikimbilia kwa kiu, wakakuta maji yake yana magadi. Teleki akalipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likadumu hadi mwaka 1975. Kimemeta hakupata hata kilima. Wakati wa kurudi, msafara ulipokuwa umeishiwa na haukuwa tena na bidhaa wala rafiki wa kutosha, wakubwa hao walichukua mifugo ya Wapokoti kwa nguvu ili watu wao wasife. Mwaka mmoja, msafara ule ule: ulikuwa mgeni uliposhika adabu ya biashara, ukawa kundi la wavamizi udhamini ulipokwisha.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Herbert Henry Austin, afisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1898 alikuwa katika kikosi cha Meja Macdonald kilichofika pwani ya magharibi ya ziwa, na palitokea mapigano na Waturkana. Akarudi safari ya pili, akitokea Omdurman, Sudan, mwishoni mwa 1900, mara hii akiteremka kusini kwa njia ya pwani hiyo hiyo. Hakukuwa na wa kumuuzia chakula wala wa kumdhamini. Walioachwa nyuma kwa uchovu waliuawa, ngamia na punda wakaliwa mmoja mmoja, Austin mwenyewe akashikwa na kiseyeye karibu apofuke, na kufikia Baringo Agosti 1901 zaidi ya nusu ya watu wake, wengi wao askari na wachunga wanyama kutoka Sudan, walikuwa wamekufa. Njia aliijua! Aliwahi kuipita, alikuwa mpimaji stadi, na ziwa lilikuwa upande wake wa kushoto siku zote. Hapakuwa na namna ya kupotea. Kapteni Wellby, afisa mwingine wa Uingereza, alikuwa amepita katika nchi ya Waturkana mwaka 1899, ukame na jua vikiwa vile vile, na hakukutwa na maafa ya kiasi hicho. Sioni jinsi ya kueleza kifo cha watu wa Austin kwa jiografia peke yake.

Kuna pingamizi la haki hapa. Viongozi wengi wa njia hawakuwa wadhamini wa mtu yeyote. Misafara ya zama hizo iliwahi kukamata watu na kuwafunga kamba wawaoneshe maji, na vitabu vya wasafiri wenyewe vimejaa malalamiko kuhusu kiongozi aliyetoroka usiku au aliyeuzungusha msafara makusudi. Mtu wa namna hiyo, atasema msomaji, ni mateka, na kumwita mlango wa jamii yake ni kumpamba. Nakubali nusu ya hoja. Lakini malalamiko hayo hayo yakisomwa kutoka upande wa pili yanasema jambo jingine. Aliyeuzungusha msafara wa bunduki mia mbili na wanyama wengi mbali na visima vya ndugu zake kiangazi hakuwa mjinga wa njia. Alikuwa akitumia mamlaka pekee aliyobakiwa nayo, ya kukataa. Anayelazimishwa anaweza kukupeleka kwenye maji, ila hawezi kukupa haki ya kuyanywa, na wenye kisima wakikukuta hapo na mateka wao, hali yako ni mbaya kuliko ungefika peke yako.

Pingamizi la pili ni la wapenda sayansi: bila dira, bila vipimo vya jua na nyota, habari za Sadi na Kimemeta zingebaki hadithi za barazani, kwa hiyo sifa ya ugunduzi inamstahili aliyeliweka ziwa mahali pake kwenye ramani. Von Höhnel kweli alikuwa mchoraji ramani hodari, na si haki kumnyima hilo. Tatizo ni kwamba ramani inajibu swali la mahali kilipo kitu, na mtu mwenye mifugo Turkana ana swali la nani yuko hapo msimu huu. Jibu la swali hilo hubadilika kila mvua ikinyesha au ikikosa, na chombo chake ni mazungumzo. Ipo pia mipaka ya hoja yangu mwenyewe, na Fuchs anaionesha. Mwaka huo wa 1934 wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Upepo unaoteremka kutoka mlima Kulal hauombwi ruhusa. Ziwani, kama Antaktika, adui alikuwa maumbile.

Serikali ya kikoloni ilielewa kwamba kuitawala Turkana ni kuuteka mlango wenyewe. Operesheni ya Labur ya mwaka 1918 iliwanyang'anya Waturkana makumi ya maelfu ya mifugo, na kabla na baada yake maafisa waliwaandama waganga waliowaelekeza wapiganaji, wale ngimurok ambao huota njia na kutazamia kwa kurusha ndala na kusoma zilivyoanguka. Kisha zikatumika sheria za wilaya zilizofungwa, ya 1902 na baadaye ya 1934: asiye mkazi hakuingia bila kibali. Udhamini uliokuwa wa mwenye kisima ukahamia kwenye karatasi ya ofisi ya Lodwar. Ni sera hiyo iliyofanya eneo lionekane tupu kiasi cha kufaa kuwa gereza. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na kifungo kilipokwisha mwaka 1959 akawekwa Lodwar hadi 1961, katika nyumba ambayo haikuhitaji ukuta wa maana. Wanaosema jangwa ndilo lililomlinda asitoroke wanasahau kwamba Waturkana walilivuka jangwa hilo kila msimu. Kilichomzuia mgeni kutoka Kiambu, mbali na askari, ni kwamba hakuwa na mwenyeji njiani.

Baada ya uhuru kazi ya kuongoza ilichukua sura mpya, na kwa mtazamo wa kwanza inanipinga. Kamoya Kimeu, Mkamba, aliokota kipande cha fuvu Nariokotome mwaka 1984, mwanzo wa kupatikana kwa mifupa ya mvulana wa Turkana, yenye umri wa miaka kama milioni 1.5. Mwaka 2011, kule Lomekwi, watafiti wa mwanaakiolojia Sonia Harmand walishika njia isiyo yao, na Sammy Lokorodi, Mturkana, akawasaidia kuona zana za mawe za miaka milioni 3.3. Hapa macho ndiyo yaliyotenda kazi, tena macho hodari, na jina la Lokorodi limo miongoni mwa waandishi wa makala ya mwaka 2015 iliyotangaza zana hizo. Kwa Kimemeta hilo halikufikirika. Lakini wachimbaji wa mafuta walikuja na picha za setelaiti na mitambo ya kupima miamba, wakayapata mafuta Lokichar mwaka 2012 bila kuhitaji wa kuwaonesha. Oktoba 2013 wakazi waliodai ajira na zabuni waliandamana hadi kampuni ya Tullow ikasimamisha shughuli zake kwa muda: mahali palijulikana, udhamini haukuwapo.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia, imejifunza jambo hilo kupitia kuni. Miti iliyo nje ya kambi ni ya wenyeji, na mkimbizi aliyekwenda kuikata alijiingiza katika ugomvi ambao ramani ya kambi haikuuonesha; mashirika yakalazimika kupanga kuni ziletwe na Waturkana wenyewe kwa malipo. Baadhi ya vijana hao, zaidi ya 3,000, walichukuliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2000 na kufundishwa habari za baridi na theluji kabla ya kupanda ndege. Wakimbizi waliobaki kambini wanaendelea kununua na kubadilishana na wenyeji kuni, makaa na maziwa, kwa bei inayopatanwa mlangoni.