Solo: gitaa au zamu?

Litaje neno "solo" mbele ya mpenzi wa rock and roll, naye atafikiria kitambo kifupi: mwimbaji ananyamaza, gitaa linatamba, mwimbaji anarudi. Litaje mbele ya mwanamuziki wa dansi wa Tabora, atauliza limeshikwa na nani. Kwetu solo ni gitaa lenyewe, tena ni nafasi katika bendi, pamoja na rithimu na besi. Mpiga solo yupo kazini tangu wimbo unaanza hadi unakwisha.

Asili ya neno ni Kiitaliano, maana yake "peke yake". Maana hiyo inaonekana wazi kwa Chuck Berry, mwanamuziki wa rock and roll. "Johnny B. Goode" ya mwaka 1958 inafunguliwa na gitaa tupu. Mcharazo huo aliujenga juu ya ule wa Carl Hogan, mpiga gitaa wa Louis Jordan, katika rekodi ya 1946. Berry alipiga nyuzi mbili kwa mkupuo, sauti ikanenepa. Na alipoanza kuimba hakuliacha gitaa: anatoa mstari, gitaa linamjibu.

Hapo ndipo anapokutana na Tabora. Kiko Kids ya Salum Zahoro, aliyeimba na kupiga gitaa, Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la Unyanyembe, eneo la Tabora, na Tabora Jazz ya mtindo wa Segere Matata, bendi hizi zote zilikulia kwenye mji ambamo misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njiani, mmoja akianzisha na wenzake wakiitikia. Sidai kwamba gitaa la dansi limezaliwa na nyimbo hizo. Santuri za Kyuba na rumba ya Kongo zilifundisha zaidi. Lakini sikio lililolelewa na kuitikia hulipokea upesi gitaa linalojibu. Katika dansi solo hupenya kati ya mistari ya mwimbaji, na wimbo unapoingia kwenye chemko, sehemu ya kasi, linakamata usukani huku rithimu na besi zikilishikilia. Halipigwi peke yake hata kidogo.

Wapo wanaopendekeza "gitaa kiongozi". Silipendi: linapanga magitaa kwa ukubwa, wakati utamu wa dansi unatokana na kusukana kwao. Tubaki na "gitaa la solo" kwa chombo, na kile kitambo cha akina Berry tukiite "zamu ya solo". Kamusi ziandike maana zote mbili.

Na tukishalipa gitaa jina lake, tumkumbuke na mpigaji: lebo nyingi za santuri zetu zilitaja bendi na mtunzi tu. "Dada Asha" ya Tabora Jazz inajulikana kwa jina la mtunzi wake, Shem Karenga, na inastahili. Lakini mpiga solo je? Ninyi mnaotunza rekodi za zamani, waulizeni wazee ambao wangali hai, kisha andikeni kando ya kila wimbo jina la aliyepiga solo.