Mgombea wa Montana na Ahadi Yake

Mtu atakaye kura za watu husema maneno mengi. Husema juu ya barabara, juu ya shule, juu ya bei ya mazao. Na pengine husema juu ya vita na amani ya nchi za mbali. Siku ya kuyasema, maneno hayo hayana gharama. Gharama yake huja baadaye. Jambo hili laonekana wazi katika habari za Bibi Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani.

Alizaliwa mwaka 1880 katika shamba la mifugo karibu na mji wa Missoula, jimbo la Montana, nchi ya milima, ng'ombe, misitu na migodi ya shaba. Huko watu walikuwa wachache, na mwendo kutoka mji hata mji ulikuwa mrefu. Wanawake wa Montana walipata haki ya kupiga kura mwaka 1914, na Bibi Rankin alikuwa miongoni mwa walioipigania. Mwaka 1916 akasimama mwenyewe kugombea kiti, kwa chama cha Republican.

Aliwaendea watu wa mashambani akawaeleza shabaha zake. Katika mambo ya ndani alitaka wanawake wa Marekani yote wapewe kura, watoto walindwe kwa sheria, na uuzaji wa vileo upigwe marufuku. Katika mambo ya nje alitaka nchi yake ijiepushe na vita vilivyokuwa vikiunguza Ulaya tangu 1914. Watu wakamsikia, wakamchagua.

Hakukawia kujaribiwa. Tarehe 2 Aprili 1917, siku ile ile aliyoingia Bungeni, Rais Woodrow Wilson aliomba vita vitangazwe juu ya Ujerumani. Hata baadhi ya wanawake waliopigania kura pamoja naye walimsihi akubali, wakichelea watu wasije wakasema kwamba mwanamke ni dhaifu, hafai kutawala. Kura zilipopigwa tarehe 6 Aprili, wajumbe 373 walikubali, na 50 walikataa. Bibi Rankin alikuwa mmoja wa wale 50.

Wala hakuyasahau mambo ya ndani. Januari 1918 yeye ndiye aliyefungua mjadala juu ya kura za wanawake katika Baraza la Wawakilishi. Haki hiyo ikaingia katika Katiba mwaka 1920. Lakini yeye mwenyewe hakuwamo tena Bungeni, kwani mwaka 1918 aligombea Seneti akashindwa.

Miaka ikapita. Mwaka 1940, vita vya pili vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya, aligombea tena Montana kwa shabaha ile ile ya amani, akashinda. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Wajapani zikashambulia Pearl Harbor. Siku ya pili yake wajumbe 388 walikubali vita. Mmoja tu alikataa, naye ni Bibi Rankin. Watu wakamzunguka kwa hasira, hata akajificha ndani ya kibanda cha simu. Mwaka 1942 hakugombea tena.

Je, alikosea? Wengi husema kwamba nchi iliyopigwa haina budi kujitetea, na hoja hiyo ni nzito. Walakini hapana awezaye kusema kwamba aliwadanganya waliomchagua. Msimamo wake waliujua kabla ya kura, na siku ilipofika hakuugeuza. Mwaka 1968, naye ni mzee wa miaka 87, aliongoza maelfu ya wanawake mjini Washington kupinga vita vya Vietnam. Alifariki mwaka 1973.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Ninyi vijana mtakaopiga kura kesho, msikieni mgombea anapoahidi. Kisha jiulizeni kama atalilipa deni hilo siku itakapompasa kulilipa kwa kiti chake.