Ardhi Isiyotumika

Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili za ardhi kwa pamoja, Na. 4 na Na. 5. Ya kwanza ndiyo Sheria ya Ardhi, ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zote mbili zinaeleza maana ya “ardhi ya jumla”, ile ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji na ambayo serikali kuu huigawa kupitia kamishna wake. Ila ukizisoma zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu, utaona kitu. Sheria Na. 4 inaongeza maneno machache mwishoni mwa tafsiri yake: ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5 haina nyongeza hiyo.

Nasoma historia, si sheria, kwa hiyo mabishano ya vifungu nawaachia wenyewe. Kinachonihusu mimi ni neno “isiyotumika”. Neno hili lina umri mkubwa kuliko sheria yenyewe, na watu waliolipa gharama yake wanajulikana.

Fika tambarare za Simanjiro mwezi Agosti, mashariki ya Hifadhi ya Tarangire. Majani yamekauka, upepo unapiga vumbi, na unaweza kuendesha gari muda mrefu bila kuona mtu. Mgeni atakuapia kwamba hapa hapana mwenyewe. Rudi wakati wa masika: nyumbu na pundamilia wametoka Tarangire kwa maelfu kuja kuzaa, kwa sababu majani ya tambarare hizi yana madini ambayo majike wanaonyonyesha wanayahitaji na hawayapati ya kutosha kule mtoni. Wafugaji wa Kimaasai nao wana hesabu zao: wapi pafungwe, wapi pafunguliwe, ng’ombe wapishe nyumbu wakati gani ili wasipate maradhi ya pua na macho yanayoletwa na nyumbu waliozaa. Ule utupu wa Agosti umepangwa. Majani yanasubiriwa.

Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, ndilo gumu zaidi kwa mtu anayetafuta alama za matumizi. Wahadzabe, ambao jumla yao ni kama watu elfu moja na kidogo, wanaishi kwa mizizi, matunda, asali na nyama ya porini. Hawajengi zizi, hawachimbi mtaro. Kambi ikihama, baada ya mvua mbili tatu huoni hata ilipokuwa.

Sasa mlete hapo bwana shauri wa enzi za Mwingereza. Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 ikarekebishwa, na haki ya kukalia ardhi ikatafsiriwa upya ili iijumuishe pia jamii ya wenyeji inayokaa au kutumia ardhi kwa mila zake. Kwenye karatasi, jambo jema. Tatizo ni kwamba anayekaa shambani anaonekana anatumia, na anayefuata mvua au nyuki haonekani. Utawala ulichagua dawa nyepesi: badala ya kupanua maana ya kutumia, ukajaribu kuwabadilisha watu. Wahadzabe walihimizwa kuhamia makazi ya kudumu na kulima mwaka 1927, wakahimizwa tena 1939. Uhuru ulipokuja, serikali yetu wenyewe ikajaribu tena katikati ya miaka ya 1960. Kila mara watu waliokusanywa mahali pamoja walipatwa na magonjwa, wengine wakafa, na waliosalia wakarudi porini. Tumezoea kuandika historia ya uhuru kama mstari uliokatika mwaka 1961. Kwa mtazamo wa Yaeda mstari huo haukukatika hata kidogo.

Ukitaka kujua neno hili lilivyofanya kazi mahakamani, twende Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu, na baadaye yakawa chini ya shirika la umma la NAFCO. Yalikula maelfu kwa maelfu ya ekari, tena yale malisho bora kabisa ambayo Wabarabaig waliyategemea katika mzunguko wao wa mwaka. Makaburi ya wazee wao, ambayo huyajengea vilima vya udongo na kuyaheshimu kwa vizazi, yakapitiwa na majembe ya trekta. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua, na moja ya sababu zake ndiyo iliyonifanya niuache msitari wa utafiti niliokuwa nao na kuifuata hadithi hii: wanakijiji, ilisema mahakama, hawakuwa wamethibitisha kwamba wao ni “wenyeji” kwa maana ya ile sheria ya 1923. Wabarabaig, katika nchi huru, walitakiwa wailetee mahakama ushahidi kwamba ni Waafrika.

Karatasi ndiyo iliyowashinda. Walikuwa na ng’ombe, makaburi, njia za mifugo na majina ya kila kilima. Karatasi hawakuwa nayo.

Miaka ya 1990 ilileta nafuu kiasi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima kuanzia 1991 ikisikiliza malalamiko ya ardhi. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Jaji Nyalali alionya kwamba bila hivyo, sehemu kubwa ya wananchi wangekuwa wavamizi katika nchi yao. Kutoka hapo tukapata sera ya 1995, na baadaye zile sheria mbili za 1999 nilizoanza nazo.

Hapa ndipo wanapoingia watu ninaotaka kuwaandikia. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990 ilianzishwa, kaskazini mwa Tanzania, asasi isiyo ya kiserikali iitwayo Ujamaa Community Resource Team, yenye makao yake Arusha. Wenyewe huiita UCRT. Ukisikia “asasi ya uhifadhi” pengine unafikiria magari ya kijani, darubini na tembo wenye kola shingoni. Kazi kubwa ya watu hawa ni vikao. Wengi wao wanatoka katika jamii hizohizo za wafugaji na wawindaji, na utaalamu wao mkuu ni kujua kifungu gani cha Sheria Na. 5 kinaweza kubeba mzigo gani.

Kifungu kilichobeba mzigo ni cha 18. Kinasema haki ya kimila inaweza kutolewa kwa raia mmoja, kwa familia, au kwa kundi la watu wawili au zaidi. Mijini na katika miradi mingi ya urasimishaji, waliosoma kifungu hiki waliona neno “mmoja”: kila mkulima na hati yake, aiendee benki akakope. Watu wa UCRT waliona neno “kundi”. Waliuliza: kama kundi la watu wawili laweza kupewa hati, kwa nini lisipewe kundi la wafugaji wote wa kijiji, kwa malisho yao ya pamoja? Hati ya mtu mmoja ingeikata tambarare vipande, na vipande huuzwa. Hati ya kundi haiuziki kirahisi, kwa sababu huwezi kumpata muuzaji mmoja.

Kuipata sasa! Kwanza mipaka ya kijiji, ambayo lazima majirani wote waikubali na kuitia sahihi. Kikibaki kijiji kimoja kinachogomea mti fulani au korongo fulani, kila kitu kinasimama. Kisha cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha mpango wa matumizi ya ardhi, ambao una sheria yake ya mwaka 2007. Kisha sheria ndogo za kijiji. Kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria, uidhinishe. Muhtasari uandikwe, mahudhurio yawekwe sahihi au dole gumba, wilaya ikubali, masjala ya ardhi iwepo na iwe na kabati linalofungwa. Ruka hatua moja na miaka kumi baadaye wakili wa mtu mwingine ataikuta hiyo hatua. Mulbadaw imefundisha hivyo.

Aliyejulikana zaidi kati ya watu hawa ni Edward Loure, aliyekulia Simanjiro. Familia yake ni kati ya zilizoondolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, wakati hati za pamoja zilikuwa zimefunika zaidi ya ekari 200,000. Napenda ukweli huu kwa sababu unavuruga hadithi mbili rahisi. Mtoto wa waliofukuzwa kwa jina la uhifadhi amekuwa mhifadhi, lakini kwa njia inayosema kufukuza watu hakukuwa na haja.

Yaeda ilikuwa mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka bonde hilo liwe kitalu chake, na mazungumzo na serikali yalikuwa yamefika mbali. Kelele zikapigwa, ndani na nje ya nchi, na kabla ya mwaka kuisha kampuni ikajitoa. Wahadzabe walishinda, ila walishinda kwa kelele, na kelele haziwekwi kabatini. Wakati huohuo wakulima na wafugaji kutoka maeneo ya jirani, nao wakisukumwa na uhaba wa ardhi kwao, walikuwa wakiingia bondeni polepole, shamba moja, zizi moja, bila kampuni yoyote wala mwandishi wa habari.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, zaidi ya hekta 20,000. Kwa mara ya kwanza serikali iliandika kwamba kuchimba mizizi na kufuata nyuki ni kutumia ardhi.

Sisemi kwamba hati ni zawadi tupu. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyewafuatilia Wahadzabe tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwa kina jamii isiyo na chifu, ambamo mtu asiyependa uamuzi wa wenzake hubeba upinde wake akahamia kambi nyingine. Hati inadai kinyume chake: wawakilishi, wajumbe, mstari kwenye ramani, huyu ndani na yule nje. Sehemu kubwa ya nchi waliyokuwa wakiizunguka zamani iko nje ya mstari huo. Mtu anaweza kusema, na wapo wanaosema, kwamba Wahadzabe wameokolewa kwa kufanywa kitu ambacho hawakuwa. Nikipima hoja hiyo na yaliyotokea Basotu, naona ni bora kuwa na hati yenye kasoro mkononi kuliko kuwa na haki kamili isiyoandikwa popote. Lakini naelewa kwa nini mzee wa kambi asiipende.

Tena hati haili. Kwa hiyo watu hawa wa vikao wamelazimika kujifunza biashara pia. Yaeda wanashirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania: misitu iliyobaki imesimama hupimwa, hewa ukaa isiyotoka huuzwa, na mapato hurudi vijijini, pamoja na posho za vijana wa Kihadzabe wanaolinda mipaka kwa miguu. Simanjiro walianza mapema zaidi, kabla neno kaboni halijawa wimbo. Katika kijiji cha Terrat, katikati ya miaka ya 2000, kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji kukilipa kila mwaka ili sehemu ya tambarare isilimwe, mifugo iendelee kulisha kama kawaida, na nyumbu wapate pa kuzalia. Ukiutazama vizuri mkataba ule, Terrat ililipwa kwa kuacha ardhi “bila kutumika”.

Vifungu viwili vya 1999 bado havijapatanishwa, na Sheria Na. 5 yenyewe inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa maslahi ya umma. Hati ya pamoja haizuii hilo. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba siku ikifika, kuna jina, kuna ramani, kuna mtu ambaye lazima aulizwe na alipwe.

Serikali za vijiji huchaguliwa kila miaka 5. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, kama baada ya ule wa 2019 na wa 2014, halmashauri nyingi za vijiji zilipata wajumbe wapya ambao hawakuwepo mipaka ilipotembelewa. Baadhi wana ndugu wanaotaka pa kulima maharage. Kwa hiyo maofisa wa asasi wanarudi tena na turubai lao la ramani, wanalitandika chini ya mti, na kuanza upya: hapa ni korongo, hapa ni njia ya mifugo, hapa hatulimi, na sababu ni hii.