Hewa ya mtungini na samaki aliyeitangaza Burundi

Ukiingia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, asubuhi, kompresa za mafundi wa matairi unazisikia kabla hujawaona wenyewe. Kazi yao ni bari 8, au 10 mashine ikiwa nzuri, na bari moja ni kama presha ya hewa tunayoishi ndani yake. Zipo kompresa nyingine, si kubwa kuliko hizo, ambazo mtu anaweza kuziweka barazani kwake na kufunga geti, lakini zinasukuma hewa mpaka bari 200. Upepo wa tairi hauhitaji nguvu hiyo. Mzamiaji anaihitaji. Na mashine za namna hii, zikiwa zimewekwa hapa Bujumbura, ndizo zilizofanya watu wa Ujerumani, Japani na Marekani walitaje jina la Burundi sebuleni mwao wakati wengi wao hawakuwahi kuitafuta kwenye ramani.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 50 tangu samaki mdogo wa pwani yetu apewe jina la kisayansi la brichardi. Sikusikia aliyekumbuka. Mwaka huo habari ya Ziwa Tanganyika ilikuwa nyingine: maji yaliyopanda na kuwafukuza watu Gatumba, na Tanzania kufunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mukeke na ndagala zilijadiliwa mpaka kwenye vyombo vya habari vya nje, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu ndicho chakula chetu. Lakini yupo samaki mwingine ambaye haliwi, aliyebeba jina la nchi hii kwa nusu karne, na historia yake ni historia ya hewa iliyoshindiliwa kwenye chuma.

Wazungu wa kwanza waliokusanya samaki wa Tanganyika walitegemea nyavu. Mwingereza J.E.S. Moore alipita hapa miaka ya 1890, na samaki aliowapeleka London walichambuliwa na Boulenger mwaka 1898. Ukaja msafara mkubwa wa Wabelgiji, 1946 hadi 1947, ambamo Max Poll ndiye aliyeshughulikia samaki. Walivuta nyavu ziwa zima, wakarudi na shehena ya chupa za spiriti. Tatizo lilikuwa moja: wavu hauendi mwambani. Ukiutupa penye mawe unachanika, na samaki wenyewe wamejificha kwenye nyufa wakikutazama. Pwani yetu, kutoka Magara kwenda Minago na kuendelea kusini, ina sehemu nyingi za mawe, na sehemu kubwa ya uhai uliokuwa humo ikabaki bila kujulikana.

Mwaka huohuo wa 1946, mbali na hapa, mambo mawili yalikuwa yakianza. Ufaransa, kampuni ya Air Liquide ilianzisha tawi la kuuza kifaa ambacho Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikuwa wamekitengeneza mwaka 1943. Kifaa hicho hukaa kati ya mtungi na mdomo, na kumpa mzamiaji hewa kwa presha ileile ya maji yanayomzunguka, anapovuta tu. Gagnan alikianzia mbali: wakati wa vita petroli iliadimika, naye alikuwa akitengeneza vali ya magari yaliyotumia gesi badala ya petroli. Ujerumani nako, mjini Munich, Hans Bauer alifungua karakana ambayo baadaye ilijulikana dunia nzima kwa kompresa za wazamiaji. Hakuna kati ya hao aliyekuwa akiiwaza Tanganyika.

Mtu aliyeviunganisha vitu hivyo na ziwa letu ni Mbelgiji Pierre Brichard, aliyezaliwa 1921. Hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo, na miaka ya 1950 alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, akikamata samaki kwenye maporomoko ya mto Kongo. Poll, aliyekuwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alipokea samaki kutoka kwake, na kufikia 1959 jina la brichardi lilishapewa samaki wa huko Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Brichard akahamia Bujumbura na kufungua kampuni ya Fishes of Burundi. Kwa makala haya nimeegemea zaidi kitabu chake kikubwa cha 1989, kwa hiyo msomaji ajue kwamba ninalitazama ziwa kwa jicho la mtu aliyeingia ndani yake.

Kabla hujaingia ndani ya ziwa lazima mtungi ujae, na hapo ndipo kazi ilipo. Kompresa ya presha kubwa haishindilii hewa kwa mkupuo mmoja. Ina pistoni tatu au nne zinazopokezana: ya kwanza pana, ya mwisho nyembamba kama kidole gumba. Kila hatua hewa inakamuliwa zaidi, inapata moto, inapitishwa kwenye bomba la kupoozea, kisha inakwenda hatua inayofuata. Hewa ya Bujumbura ina unyevu mwingi, hasa Machi na Aprili, na unyevu huo unageuka maji ndani ya mashine. Anayesimamia lazima afungue vali kila baada ya dakika chache ayatoe, yanatoka kwa kishindo yakiwa meupe, yamechanganyika na mafuta. Akisahau, maji yanakwenda mtungini na chuma kinaanza kuoza kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Mwisho kuna kichujio cha makaa maalumu na chembechembe za kunyonya unyevu. Hiki ndicho kinachomlinda mtu. Mashine ikiendeshwa na injini ya petroli, bomba la kuvutia hewa huinuliwa juu, upande upepo unakotoka, ili lisinyonye moshi wa injini yenyewe. Moshi kidogo ambao barazani usingemsumbua mtu unakuwa sumu kamili kwenye kina cha mita 20, kwa sababu huko kila pumzi ina hewa karibu mara tatu ya ile ya juu. Siku hizi Ulaya na Marekani kompresa ndogo za aina hii zimeingia majumbani kwa kazi nyingine kabisa: wachezaji wa ule mchezo wa kulengana risasi za rangi hujazia mitungi ya bunduki zao, bari 200 mpaka 300. Mashine ni ndugu, lakini hewa ile haiingii mapafuni mwa mtu. Mchezaji akichelewa kubadilisha kichujio ataharibu vali. Mzamiaji akichelewa, hapandi tena.

Mtungi wa lita 12 ukijaa bari 200 unabeba lita 2,400 za hewa. Mtu anayefanya kazi polepole huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Akiwa mita 20 chini, anamaliza kama 60. Hesabu inampa dakika 40, na ukitoa akiba ya kupandia zinabaki kama 30. Ndani ya nusu saa hiyo anatandaza wavu mdogo kuzunguka mwamba, anawaswaga samaki kwa mkono, anawatoa mmoja mmoja bila kuwavua magamba.

Kisha inakuja kazi ya kuwapandisha. Samaki hawa wana mfuko wa hewa tumboni uliofungwa pande zote, hawawezi kucheua hewa wakipanda. Ukimtoa samaki mita 30 na kumleta juu moja kwa moja, hewa ya tumboni inataka kuwa zaidi ya mara nne ya ilivyokuwa. Tumbo linavimba, macho yanatoka, anakufa. Wapo wakamataji wanaomchoma kwa sindano kuipunguza. Njia ya subira ni kumweka kwenye kizimba kilichofungwa kamba, na kukiinua hatua kwa hatua kwa siku kadhaa, kila hatua mtu akizama tena kukiangalia. Yule Cyphotilapia mwenye nundu ya paji, anayeishi chini zaidi, ndiye anayetaka subira kuliko wote.

Mzamiaji naye ana sheria yake ya kupanda, na Tanganyika inaifanya kali zaidi. Ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo hewa ya juu yake ina presha pungufu kwa karibu asilimia 9. Jedwali la kupanda lililotengenezwa kwa ajili ya bahari halimtoshi anayezama Magara. Inabidi asimame chini muda mrefu zaidi, la sivyo naitrojeni inatoka ndani ya damu kwa mapovu na kumlemaza. Ongeza mamba. Gustave, mamba wa Rusizi, aliyefuatiliwa kwa miaka na Mfaransa Patrice Faye, amepata sinema. Wazamiaji waliofanya kazi kwenye ziwa lilelile hawakupata hata kibao.

Sasa turudi kwa samaki mwenyewe, kwa sababu jina lake lina ugomvi ambao haujaisha. Ni mdogo, wa rangi ya udongo mkavu, mkia umegawanyika ncha mbili ndefu, na mapezi yake yana ukingo mweupe wenye ubuluu. Shavuni ana alama nyeusi: mstari mmoja unatoka jichoni kwa ulalo, mwingine unasimama wima. Mwaka 1952 Poll na Ethelwynn Trewavas wa London walimwita elongatus, wakimweka chini ya spishi nyingine. Jina hilo Boulenger alikwisha kulitumia mwaka 1898 kwa samaki tofauti wa ziwa hilihili. Kwa hiyo mwaka 1974 Poll alilifuta na kumpa jina la rafiki yake wa Bujumbura. Leo anaandikwa Neolamprologus brichardi. Wafugaji wa Ulaya hawakujali Kilatini, wakamwita Binti Mfalme wa Burundi, na mwaka 2002 Msweden Kjell Eriksson akaandika riwaya ya upelelezi yenye jina hilohilo, ikapata tuzo kwao.

Ugomvi uko hivi. Katika andiko lile la 1952 alikuwemo pia ndugu yake wa kusini, pulcher, anayefanana naye karibu kila kitu isipokuwa alama za shavuni, ambazo ni mikunjo miwili ya wima. Brichard, aliyewaona wakiwa hai kwenye mawe yao, aliamini tofauti hizi ndogo. Katika kitabu cha 1989 alikwenda mbali zaidi, akatangaza spishi mpya za jamii hiyo, kina falcicula, crassus na gracilis, ndani ya kitabu cha wafugaji badala ya jarida la wataalamu. Wapo wasomi waliokunja uso. Mwaka 2007 kikundi cha watafiti wa Austria, kwa kupima vinasaba, kikaonyesha kwamba alama za shavuni hazifuati ukoo, na kikapendekeza brichardi na pulcher wawe spishi moja. Wakiunganishwa, sheria ya majina ya kisayansi inalipa ushindi jina la zamani zaidi. Pulcher anabaki, brichardi anafutika.

Kwa sasa orodha kubwa bado zinawaandika wawili, na mimi nasimama upande huo. Sibishani na vinasaba. Ninachoona ni kilichokwisha kupotea. Mwaka 1981 Taborsky na Limberger waliiambia dunia kwamba watoto wakubwa wa samaki huyu hawaondoki nyumbani, wanabaki kusafisha mayai na kuwalinda wadogo zao. Ugunduzi huo umefungamana na brichardi, samaki wa pwani ya Burundi. Leo utafiti huo umekuwa tawi zima la sayansi, lakini samaki wa maabara ni pulcher, na watafiti wanazama karibu na Mpulungu, Zambia. Vita vilivyoanza hapa Burundi Oktoba 1993 na vikwazo vya kiuchumi tulivyowekewa 1996 hadi 1999 vilisukuma mengi upande huo. Samaki hai anataka ndege, na anataka pwani yenye amani.

Brichard alifariki 1990. Binti yake aliendeleza kazi. Brichardi anayeuzwa Ulaya leo mara nyingi amezaliwa kwenye tangi la mfugaji, kwa hiyo mtungi hauhitajiki tena kwa ajili yake. Na mwenye kompresa ya petroli Bujumbura ya miaka hii anajua foleni za mafuta.

Ziwa lina zaidi ya spishi 200 za familia pana anamotoka brichardi, karibu zote haziko kwingine duniani, na majina ya samaki hao yamejaa Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani. Sijakutana na hata moja lililotolewa kwa mzamiaji Mrundi. Uvira, ng'ambo yetu, angalau jina la mwanasayansi wao Gashagaza limeandikwa kando ya Mjapani Nakaya kwenye spishi waliyoitangaza pamoja mwaka 1995. Wazee waliobeba mitungi ile bado wanaweza kupatikana wakitafutwa sasa. Musée Vivant yetu inasifika kwa mamba na nyoka. Nafasi ya tangi moja la brichardi, kompresa moja ya zamani na orodha ya wazamiaji haiwezi kukosekana pale, na Wizara ya Mazingira ikishirikiana na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapahapa Bujumbura, inaweza kuanza na hiyo orodha.